Majina Mia Mbili ya Kavumu

Jumatatu, 4 Novemba

Umeme umekatika saa tatu. Jenereta imekataa kuwaka, kama kila Jumatatu. Nimeshuka Nyawera, katikati ya Bukavu, kufanya kopi za muradi wa profesa moja, nimepanda tena mulima na karatasi chini ya shati. Mvua ilininyeshea mimi, haikugusa karatasi hata moja. Nani mwingine mu chuo hiki anaweza hiyo? Hakuna.

Nimemukuta Maman Nabintu amekaa, mikono juu ya meza. Yeye ndiye mukubwa wa biro, ofisi yetu ndogo. Tuko wawili tu, yeye na kichwa chake, mimi na miguu yangu. "Biro ya Kusaidia Utafiti", ndivyo imeandikwa ku mulango. Profesa akitafuta wafadhili, Maman anamuonyesha mulango wa kubisha, kisha anamunyooshea muradi mpaka usomeke. Utafiti ukiisha, mimi ndiye ninarudisha matokeo kijijini. Niliachia shule mwaka wa nne wa sekondari, lakini nikisimama mbele ya watu wanaelewa mambo ya profesa kuliko akisema mwenyewe. Hayo si majivuno. Basi, ni majivuno kidogo.

Barua ilikuwa juu ya meza. Baraza la chuo litakaa Ijumaa tarehe 22. Kila biro ilete ushahidi wa thamani yake. Ile yenye haina itafungwa, chumba kitapewa wengine.

Siku kumi na nane.

Jumanne, 5 Novemba

Maman ameniuliza, thamani ya biro inapimwa na nini? Kama vile mimi ndiye daktari wa vitabu. Nimesema, na kazi. Amesema, kazi gani inaonekana? Miradi yenye ilikubaliwa ina jina la profesa juu, jina letu haliko popote.

Tuko na kitabu. Kila mwenye amesaidiwa, asaini. Mwaka muzima, saini sita! Na mimi nimeona watu wakiingia hapa. Shida ni kwamba profesa wa kwetu hawezi kuandika kwa mukono wake kwamba alisaidiwa. Wenzake watasema hajui kuandika. Kwa hiyo wanakuja saa ya kula, wakati hakuna mutu ku ngazi. "Napita tu kusalimia." Na muradi uko ndani ya koti.

Bingwa wao ni Profesa Mugisho, yule wa udongo na maharagwe. Maman alimuandikia muradi upya mara tatu. Mara tatu! Leo nimemufuata ku ngazi, nimemuomba saini moja tu. Akafunga kifungo cha koti. "Petit, mulinisaidia kuchapa."

Kuchapa. Akaenda na mukoba wake mukubwa. Ndani ya ule mukoba kuna ndizi mbili na gazeti, niliona na macho yangu.

Niko naogopa. Nimeandika mara moja, sirudii.

Alhamisi, 7 Novemba

Mama yangu amewaambia majirani wote wa Kadutu kwamba mwana wake iko nafanya kazi ku chuo. Biro ikifungwa narudi sokoni kubeba magunia ya watu. Na wale wale majirani ndio watanipa magunia.

Nimepata wazo. Maprofesa wanakataa kusema, basi tuulize wakulima. Matokeo yote yenye nilirudisha, watu si waliyasikia? Maman amefikiri muda murefu. Amekubali. Ameandika fishi, karatasi ya maswali sita. Mutu moja, fishi moja. Unakaa, unauliza, unasikiliza. "Tangu matokeo yarudi, mulibadilisha nini?" Ameniambia watu kumi na tano wenye wanasema ukweli wanatosha.

Kumi na tano! Maman hajui mimi ni nani.

Jumamosi, 9 Novemba

Nimefika kijijini Kavumu kabla ya saa mbili, na pikipiki ya chuo. Nimeteleza mu matope mara moja. Hakuna aliyeniona, kwa hiyo sikuanguka.

Maman Faida amenipokea. Yeye ndiye mukubwa wa kikundi cha wakulima pale. Mufupi, sauti ya kengele, kofia ya sufu hata mu jua. Mwaka jana nilisimama mbele yao nikasoma matokeo ya Profesa Mugisho. Mashamba ya chini karibu na maji, udongo umechoka, ndiyo maana maharagwe yanageuka manjano. Ya juu bado yana nguvu. Nilichora yote na makaa ku ukuta wa shule. Mwalimu mukuu alinitukana, lakini watu walielewa.

Leo nimeanza vizuri, na fishi. Muzee wa kwanza ameniambia habari ya mbuzi wake mpaka mbuzi amekufa ndani ya hadithi. Swali la kwanza bado. Kwa mwendo ule ningemaliza Noeli. Nimerudisha fishi mu mufuko. Nimechukua daftari, nimepiga mistari. Jina. Watu mu nyumba. Kidole. Ile ya watu mu nyumba ni akili yangu mwenyewe, juu nyumba ikiwa na watu wanane wenye wanakula yale maharagwe, biro yetu imesaidia wanane. Hesabu inapanda yenyewe.

Nimepanda ku kiti. "Mwenye biro yetu ilimusaidia, aandikwe! Karatasi hii inaenda kwa wakubwa wa Bukavu!"

Saa sita mustari ulikuwa umefika barabarani. Muziba matairi aliacha gurudumu la mutu chini, akaja. Mama moja aliuliza kama na mutoto wa tumboni anaandikwa. Nikasema andika, naye ni mutu. Muzee moja alinishika mukono, macho yamejaa maji. "Mwanangu, usinisahau."

Kumbe wanatupenda namna hii!

Majina mia mbili na kumi na nne. Wino wa kidole umekauka kabisa. Mimi Cikuru.

Jumatatu, 11 Novemba

Maman amehesabu mara mbili. Kisha ameniangalia.

"Cikuru, uliwaeleza vizuri?"

"Vizuri sana, Maman."

"Na fishi zangu?"

"Mvua, Maman."

Uongo. Ziko mu mufuko, safi kama hostia. Sijui kwa nini nilisema mvua. Ilitoka tu.

Ameandika mu raporo ya kupeleka kwa baraza, ukurasa wa kwanza, maandishi makubwa: wakulima mia mbili na kumi na nne, na mu nyumba zao watu zaidi ya elfu. Halafu amecheka. Wiki nzima sikumuona akicheka. Ameninunulia soda na sambusa mbili. Nimekula kama mukubwa wa nchi.

Jumatano, 13 Novemba

Simu, saa nne asubuhi. Maman Faida.

"Cikuru mwanangu, kamio iko nafika siku gani?"

"Kamio? Lori ya nini, Maman?"

"Ya ile liste. Batu bamefagia mbele ya kanisa yote. Iko mbegu ao mafuta?"

Nimesema sisikii vizuri, mutandao mubaya. Nimekata.

Mu mikoa yetu hii, karatasi yenye mistari, hesabu ya watu mu nyumba, na wino wa kidole, maana yake ni moja tu. Unga, mafuta, mahema. Tumekua hivyo. Mama yangu aliandikishwa hivyo, na mimi nilihesabiwa kwenye mustari wake. Ningejua hata nikiwa nimelala. Mutoto wa tumboni! Nani anaandika mutoto wa tumboni ili kusifu biro?

Nisiseme sikuona. Niliona. Nilipenda ile hesabu kuliko kuona.

Alhamisi, 14 Novemba

Mama wawili wamekuja ku mulango wa chuo na magunia matupu yamekunjwa vizuri. Wametoka Kavumu. Wamelipa gari. Sentineli, mulinzi wa mulango, ameniita akicheka, "Cikuru, wageni wako." Niliwapeleka nyuma ya ukuta mbio mbio, Maman asiwaone.

Ilikuwa nafasi ya kusema. Nilisema, "Wiki ijayo, bado kidogo."

Wamenishukuru. "Koko bwenene." Moja wao amenipa avoka mbili.

Sili kitu. Avoka ziko juu ya dirisha. Mama yangu anauliza kama niko na malaria.

Jumamosi, 16 Novemba

Raporo imechapwa. Maman amenituma kugawa kopi zake kwa watu wa baraza, nyumba kwa nyumba. Nani mwingine? Mimi mwenyewe, na miguu yangu yenye nasifu kila siku.

Nilisimama ku daraja na mufuko begani. Nilifikiri, zikianguka mu muto, nitasema tena ni mvua. Nimezigawa zote. Moja wa baraza amesoma ukurasa wa kwanza mbele yangu. "Ah! Hii ndiyo kazi." Alinipiga bega. Lile bega linaniuma mpaka sasa.

Jumatatu, 18 Novemba

Profesa Mugisho amesikia baraza limesifu raporo, ameingia na mulango wa mbele. Saa nne, watu wamejaa ku ngazi! Ameomba kitabu. Amesaini kwa herufi za kuonekana kutoka Goma. Kisha amemuomba Maman jina lake liwekwe juu kabisa ya ile habari ya Kavumu, "kwa sababu ni maharagwe yangu."

Maman alinikonyeza. Nilitoka nje. Ningebaki ningecheka ama ningelia, na sikujua kipi.

Simu ya Maman Faida, mara nne. Sikupokea.

Jumatano, 20 Novemba

Nimesema.

Asubuhi Maman alikuwa anafanya mazoezi ya maneno yake mbele ya dirisha, kama mutoto wa Komunyo ya kwanza. "Wakulima hawa walisimama kwa saa nyingi, mu matope, kwa hiari yao." Pale ku "hiari" nikashindwa. Nimesema yote, wima. Mustari wa watu mu nyumba, kamio, mama wawili, uongo wa mvua. Nilitoa fishi mu mufuko, nikaziweka juu ya meza. Safi.

Nilingoja kelele. Alivua miwani, akapangusa, akavaa, akavua tena.

"Hukupima biro, Cikuru. Ulipima njaa."

Ningependa anitukane. Kisha alichukua koti, akaenda kwa sekretere wa baraza kuondoa ukurasa wa kwanza. Amerudi. Ukurasa unaondoka, tarehe haibadiliki. Na baraza linataka kusikia sababu kutoka mudomo wa mwenye aliandika majina.

Mudomo wangu. Ule wenye unasema kuliko maprofesa.

Ijumaa, 22 Novemba

Meza ndefu, watu tisa, chupa za maji. Waliniita saa tano. Koti nimeazima, mikono inafika ku vidole.

Nilianza na maneno mazuri yenye nilipanga. Yaliisha baada ya sentensi moja. Basi nikasema tu. Nilifika ku mutoto wa tumboni, moja akacheka, wakacheka wote. Sekretere hakucheka. Muzee mukavu, kalamu nyekundu. Aliuliza, "Kwa hiyo biro yenu haina ushahidi hata moja?"

Nikajibu, "Sijui, Papa. Sikuuliza."

Ni kweli. Nilienda mpaka kule na sikuuliza.

Maman Nabintu alisimama. Hakunitetea. Alisema alikosa pia, juu alipenda kuamini. Aliomba siku saba. Tutarudi Kavumu, tutasoma kila jina mbele ya watu, tutaeleza, tutafuta. Jina lenye litabaki baada ya hapo, tutamuuliza maswali sita. Kama hakuna lenye linabaki, ataleta ufunguo wa biro mwenyewe.

Walinong'ona. Sekretere aliandika kitu na ile nyekundu. Ijumaa tarehe 29. Si siku moja zaidi.

Jumamosi, 23 Novemba

Profesa Mugisho ameomba wino mweupe ili afute saini yake mu kitabu. Maman amekataa. Amemuambia kile kitabu ni cha biro, na biro bado iko.

Amezunguka meza mara mbili na mukoba wake. "Lakini mulinisaidia kuchapa tu!"

Mara ya kwanza nacheka tangu ile simu ya kamio. Haikudumu. Kavumu kuna watu zaidi ya mia mbili wenye wamefagia mbele ya kanisa.

Jumatano, 27 Novemba

Nimerudi kutoka Kavumu. Shati limepasuka begani, sitaki kulishona leo.

Tumekuta watu wameshakaa. Walileta magunia. Maman Nabintu alitaka kuanza, nikasema hapana, mudomo ni wangu. Sikupanda ku kiti. Nimesema, hakuna kamio. Haikuwa liste ya musaada. Mimi ndiye nilifanya ionekane hivyo, nikajua, nikanyamaza.

Matusi yakaanza, yote kwa mara moja. Muongo. Mwizi wa vidole. Mutoto wa muji anakuja kucheza na sisi. Mama moja wa wale wa magunia alinivuta shati mpaka likapasuka. Alikuwa anasema polepole, na hiyo ndiyo ilikuwa mbaya zaidi: "Avoka zangu ulikula?"

Sikuzila. Zilioza ku dirisha. Sikumuambia.

Maman Nabintu alisimama kando yangu, viatu vyake vya muji ndani ya matope mpaka ku kisigino, hakusogea.

Nimefungua daftari. Nimesoma jina la kwanza. "Futa!" La pili. "Futa!" Muziba matairi alijibu kutoka mbali, hata hakuja. Watu walianza kuondoka, wakifutwa wanaondoka. Kila mustari nilipiga kalamu nikasikia sauti ya karatasi. Yule muzee wa macho ya maji alinishika tena mukono. Nikamuambia, Papa, hakuna kitu. Akasema anajua. Akasema, "Futa, mwanangu, lakini ulinifanya nifurahi siku moja."

Nilifika ku jina la Maman Faida. Nikaweka kalamu.

"Usinifute mimi."

Nikasema, Maman, hakuna kitu kinakuja. Alikasirika kabisa. "Mi si kiziwi! Miaka yote hii banafunzi bananichukulia udongo mu sachet ya plastiki, bananiuliza niko na batoto ngapi, banaenda. Sijaona hata moja kurudi. Wewe ulirudi, ukachafua ukuta wa shule, ukasema shamba ya chini imechoka. Nilihamisha maharagwe juu. Batoto balikula mpaka Pasaka. Andika hiyo!"

Nilichukua fishi ya kwanza. Niliuliza yote sita, nikasikiliza yote sita, hata yenye aligeuza kuwa habari ya shemeji yake. Kisha mwingine akasema naye asifutwe. Wengine wakarudi kutoka barabarani. Moja alisema matokeo hayakumusaidia, shamba lake lote liko chini, lakini abaki ili hiyo nayo iandikwe. Maman Nabintu alisema ndiyo, hiyo iandikwe kwanza.

Mpaka saa tisa. Kumi na moja wamebaki.

Si kumi na tano. Kumi na moja.

Ijumaa, 29 Novemba

Sekretere amesoma zile fishi moja baada ya nyingine, mbele yetu, bila kunywa maji. Ile ya mutu wa shamba la chini ameisoma mara mbili. Aliuliza kama tunajua chuo kingine chenye kinarudi kuuliza kama kazi yake ilishindwa.

Biro inabaki mpaka mwisho wa mwaka wa masomo. Baada ya hapo wataangalia tena. Nusu ya chumba wameweka viti vilivyovunjika vya kitivo jirani, juu hawana pengine. Maman amepanga meza yake katikati ya viti. Ameniambia kila kijiji chenye nilirudisha matokeo, narudi tena, na fishi, polepole.

Hakuninunulia soda. Nilifurahi hakuninunulia.

Jumamosi, 30 Novemba

Nimemupigia Maman Faida kumuambia biro imebaki. Nilifikiri atapiga vigelegele. Amesema, "Sawa." Kisha ameniuliza, na wale wengine zaidi ya mia mbili, umewaambia nini?

Nikaanza kusema mutandao mubaya, nikaacha. Mimi, na mudomo wote huu.

Nimesema nitakuja Jumanne, nipite nyumba kwa nyumba. Ameuliza nitaleta nini. Nimesema siwezi kuleta kitu.

Nilisikia kuku, na mutu anapasua kuni.

"Basi ukuje mapema," akasema. "Mvua sasa inaanza saa saba."